Kliniki inamtaka mume aje, halafu inashangaa mke haongei

Ukienda kliniki ya wajawazito na mwenza wako, kwenye vituo vingi vya Tanzania unapita mbele ya foleni, hiyo kila mtu anaijua, na ukienda peke yako kuna sehemu utaambiwa rudi ukalete barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa ieleze huyo mwanaume yuko wapi, amesafiri, amekukimbia au vipi. Nia yenyewe siyo mbaya. Wanaume wapime VVU na kaswende, wajue dalili za hatari, waandae hela ya usafiri siku ya uchungu, yote hayo ni ya maana. Ila kuna kitu hakisemwi kabisa kwenye huo utaratibu, kwamba kama huyo mwanaume ndo anayempiga huyu mama basi sisi wenyewe tumempa kiti, amekaa pale pembeni, nesi anauliza "mama, nyumbani kuko salama?" sasa unategemea ajibu nini. Atasema tuko salama tu, tunamshukuru Mungu.

Na tusijidanganye kwamba hao akina mama ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na kwa waliowahi kuolewa nusu yao walikuwa wamepitia ukatili wa mume au mwenza, uwe wa kipigo, wa kingono, au wa matusi na vitisho. Utafiti wa 2022 ile 40 ikashuka mpaka 27, ni habari njema na mi siibezi, lakini 27 bado ni zaidi ya mwanamke mmoja kwenye kila wanne. Nyuma zaidi kuna ule utafiti wa WHO, Shirika la Afya Duniani, uliotoka 2005, walipita Dar es Salaam na Mbeya, wanawake waliosema mwenza amewahi kuwapiga au kuwalazimisha tendo walikuwa asilimia 41 Dar na 56 Mbeya. Kwa hiyo nesi anayehudumia akina mama 20 asubuhi moja, hesabu aifanye mwenyewe.

Mimi sikubaliani na wale wanaosema wahudumu wetu hawajui kutambua ukatili, kwamba dawa yake ni semina nyingine ya siku 3 hotelini. Wanajua. Nenda kaongee na nesi yeyote aliyekaa OPD, yani kwa wagonjwa wa nje, miaka mitano, atakwambia huyu kaanguka bafuni na huyu kaangushwa, anajua kabla hata mgonjwa hajakaa. Kinachowashinda ni kinachofuata, maana kituo kimepangwa hivi kwamba ukishajua huna pa kuulizia, ukiuliza hujui useme nini, na ukishasema unaandika kitu ambacho baadaye hakimsaidii mtu yeyote.

Tuanze na kutambua haraka haraka, maana kuna sehemu moja tu inayonisumbua sana. Kidonda cha kipigo kina tabia zake. Mtu aliyeanguka kweli anaumia viganja, magoti, kiwiko, lakini aliyekuwa anajikinga anaumia upande wa nje wa mkono, pale unapoinua mkono kuziba uso. Mjamzito anaumia tumbo na matiti. Unakuta alama za leo ziko pamoja na za zamani, unakuta kidonda cha juzi ndo kinaletwa leo kimeshaoza, na maelezo hayaendani na jeraha. Hayo yote yapo kwenye vitabu vyao. Ila wengi hawaji na kidonda, wanakuja na kichwa kisichopona, tumbo la chini, kukosa usingizi, presha, vidonda vya tumbo, magonjwa ya zinaa yanayojirudia kila akitibiwa, mimba iliyoanza kliniki mwezi wa saba. Wanaachia ARV, dawa za VVU, njiani kwa sababu kuna mtu nyumbani anazitupa, au wamezificha mahali ambapo hawawezi kuzifikia kila siku. Anakuja mama anataka sindano ya uzazi wa mpango, hataki kijiti hata ukimweleza kinakaa miaka mitatu, na wewe unamwona mbishi, kumbe kijiti mtu akipapasa mkono anakigusa, sindano haionekani, na kadi anakuomba ibaki hapo hapo kituoni. Mama kama huyo ameshakuambia kila kitu bila kufungua mdomo.

Sasa hiyo sehemu inayonisumbua ni kukabwa. Mwanamke aliyekabwa koo na mume wake anaweza kufika hospitali shingo ni safi kabisa, hasa kwenye ngozi yetu nyeusi ambapo alama hazijionyeshi kirahisi, anasema tu sauti imekwaruza, kumeza kunauma, anasikia kizunguzungu. Anapewa dawa ya tonsesi anaondoka. Hakuna aliyeangalia kama macho yana vidoti vyekundu, hakuna aliyemuuliza kama alipoteza fahamu au alijikojolea wakati anakabwa, na hizo ni dalili kwamba ubongo ulikosa hewa. Mishipa ya shingo ikichanika kwa ndani mtu anaweza kupata kiharusi baada ya masaa au hata siku kadhaa, huku familia inasema karogwa. Halafu kuna jambo baya zaidi, utafiti mmoja wa Marekani wa 2008 ulikuta kwamba mwanamke ambaye mwenza wake aliwahi kumkaba, uwezekano wa kuja kuuawa na huyo huyo unapanda zaidi ya mara 7. Yani mkono wa mwanaume shingoni ni onyo kubwa kuliko jicho lililovimba, ila jicho ndo tunaloshona na kulipiga picha. Na ukitaka kuuliza uliza kwa lugha ya nyumbani, "aliwahi kukukaba koo?" maana ukisema "je umefanyiwa ukatili wa kijinsia" wengi watakujibu hapana, kwao hicho ni kitu cha kwenye redio, yeye mume wake ana hasira tu.

Kuhusu kuuliza kuna mabishano. Wapo wanaotaka kila mwanamke anayeingia getini aulizwe, hata aliyekuja kung'oa jino. WHO kwenye mwongozo wake wa 2013 haikukubaliana na hilo, inasema uliza pale unapoona dalili, na kwa wajawazito unaweza kufikiria kuuliza kwa upana zaidi kama kituo kina watu waliofundishwa, kuna faragha, na kuna pa kumpeleka mtu akishasema. Mimi nakubaliana nao na sababu yangu ni ya kawaida sana, swali likishakuwa la kwenye fomu, katikati ya "una miaka mingapi" na "una aleji ya dawa," linaulizwa huku nesi anaandika hajainua macho, na mlango uko wazi, na nyuma kuna watu sita wamekaa kwenye benchi wanasikia. Hilo swali bora lisiulizwe.

Faragha maana yake ni ninyi wawili tu. Siyo na mume, siyo na mama mkwe, siyo na mtoto aliyezidi miaka miwili kwa sababu mtoto ataenda kusema. Na hapa kuna kundi linasahaulika kabisa, akina mama wasiojua Kiswahili vizuri, yupo bibi wa Kimasai au mama wa Kisukuma wa kijijini ndani ndani, anayemtafsiria ni wifi yake au mume mwenyewe, halafu daktari anaandika "mgonjwa hana malalamiko mengine." Tafuta mhudumu anayejua hiyo lugha hata kama ni mtu wa usafi, ilimradi awe mtu wa kutunza siri na asiwe ndugu.

Jinsi ya kumtoa mume chumbani manesi wenye akili wanajua, hawagombani naye. "Baba tusubiri hapo nje kidogo, mama anaenda kupimwa mkojo." Nani atabisha kipimo cha mkojo? Huko huko anakopimwa uzito ndo pa kuongelea. Wengine wanasema ni utaratibu wa kituo kwamba kila mgonjwa anaonwa peke yake kwanza, na hiyo ndo nzuri zaidi kwa sababu hakuna anayehisi amelengwa. Halafu unaanza taratibu, "mama, wanawake wengi tunaowaona hapa wana shida na waume zao nyumbani, kuna wanaopigwa, kuna wanaotishiwa, ndo maana huwa nauliza. Wewe kuna mtu unamwogopa nyumbani?" Akisema hapana, basi, usimkamue. Amesikia kwamba hapa panaulizwa, na mwezi ujao anaweza kurudi na jibu jingine.

Tuje kwenye akisema ndiyo. Hapa ndo tunapoharibu kuliko mahali pengine popote.

Cha kwanza kinachotoka mdomoni mwa wengi wetu ni "ulimfanya nini?" Hata kama imesemwa kwa huruma, hilo swali limeshamhukumu. Cha pili ni mahubiri, ndoa ni kuvumilia dada yangu, hata mimi nimepitia, muombee. Ukumbuke ule utafiti wa 2015-16 asilimia 58 ya wanawake wenyewe walisema kuna sababu zinazomruhusu mume kumpiga mke, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga, wanaume walikuwa 40. Sasa manesi na madaktari hawakuletwa na meli, wametoka kwenye nyumba hizo hizo, wamefundwa na makungwi hao hao, na wengine usiku wamepigwa wao halafu asubuhi wamevaa yunifomu wakaja kazini. Simlaumu nesi kwa kufikiria hivyo, namlaumu kwa kumpa mgonjwa kama dawa. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 imeshasema hata kama kuna mila gani hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, imesema tangu enzi za Nyerere, mbona hatuibandiki ukutani pale kliniki pembeni ya lile bango la chandarua?

Cha tatu ni kujifanya baraza la usuluhishi. Daktari anamwita mume, anawakalisha, "haya baba, mkeo anasema unampiga, hebu tuyamalize." Jamani. Huyo mama anarudi na huyo mtu kwenye bodaboda moja, na njiani ataulizwa nani alimtuma kuropoka. Usuluhishi una watu wake na mabaraza yake, chumba cha daktari siyo mahali pake, na siri ya mgonjwa ni siri hata kama mume ndo kalipia.

Na cha nne, hiki ni cha wasomi wa mjini, ni "mwache huyo mwanaume, ondoka leo." Unamwambia hivyo mtu ambaye hana hela, watoto wako shule, kwao mahari ilishaliwa. Tena wakati wa kuondoka ndo wakati hatari kuliko yote, wengi wanaouawa wanauawa wakiwa wanaondoka au wameshaondoka. Uamuzi ni wake. Kazi ya mhudumu ni kusikiliza, kumwambia kwamba hilo siyo kosa lake na anamwamini, kumuuliza anahitaji nini sasa hivi, kuangalia kama akirudi leo kuna hatari ya kufa, na kumuunganisha na watu. Hatari inapimwa kwa maswali machache tu, kipigo kinazidi siku hizi? amewahi kukukaba? ana panga, bunduki, amewahi kukutishia nalo? amesema atakuua na wewe unaamini anaweza? alikupiga ukiwa na mimba? Majibu yakiwa ndiyo ndiyo ndiyo, huyo usimwache aende hivi hivi, hata kumlaza wodini usiku mmoja ukasema presha haijakaa sawa ni tiba, na mi naona ni tiba halali kabisa.

Sasa PF3. Hii fomu ya polisi namba 3 imeshakuwa kama tiketi ya kuingilia hospitali, mtu amepasuka kichwa anaambiwa nenda polisi kwanza. Fomu ni kwa ajili ya kesi, haikuwekwa izuie damu, na mtu mwenye hali ya dharura anatibiwa kwanza fomu inafuata. Kwa aliyebakwa hata na mume wake ndo kabisa, dawa za kuzuia VVU zina masaa 72 na kila saa inayopita zinapungua nguvu, za kuzuia mimba ni masaa 120, ukimzungusha huyu kituo cha polisi kilicho kilomita 30 umemwibia muda. Halafu fikiria mwanamke ambaye hataki kesi, anataka kushonwa tu arudi kwa watoto. Akijua hospitali ni lazima apitie polisi atasema kaanguka. Yani sisi wenyewe tumemfundisha kudanganya, halafu tunalalamika kwamba wanawake wanaficha.

Na kwa anayetaka kesi, maandishi ya daktari ndo yanamwangusha. Unakuta PF3 imeandikwa kwa mwandiko usiosomeka "soft tissue injury, amedai kupigwa" basi, saini. Amedai! Neno hilo wakili wa upande wa pili analipenda sana. Andika "mgonjwa anasema mume wake alimpiga kwa mpini wa jembe jana jioni," weka maneno yake mwenyewe, halafu andika ulichokiona, alama iko wapi, urefu sentimita ngapi, ina umbo gani, ngapi, chora mchoro wa mwili weka alama. Usijifanye kukadiria michubuko ni ya siku ngapi kwa rangi yake, rangi inadanganya. Mahakama ya Rufani imeshazitupa PF3 nyingi tu nje ya ushahidi kwa sababu mshtakiwa hakuambiwa haki yake ya kutaka daktari aliyeijaza aje aulizwe maswali, hilo ni kosa la mahakama ya chini na siyo la daktari, ila ndo inaonyesha kwamba daktari anatakiwa aandike akijua kuna siku ataitwa, labda miaka miwili baadaye akiwa ameshahamishiwa mkoa mwingine, na kitu pekee atakachokikumbuka ni kile alichoandika.

Ila angalia unaandika wapi. Kadi ya kliniki inaenda nyumbani, na mume anaisoma. Nimeona watu wanapendekeza kipeperushi chenye namba za msaada apewe kila mama, wanaopendekeza hivyo nadhani hawajawahi kuishi na mtu anayepekua pochi. Ya ukatili yanaandikwa kwenye faili linalobaki kituoni, namba anakariri au anasevu kwa jina la fundi cherehani.

Tunaambiwa tupeleke watu Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi wa Dawati la Jinsia, ustawi wa jamii na mtu wa sheria wako sehemu moja mama asizunguke. Ni wazo zuri mno, Zanzibar walianza Mnazi Mmoja 2011, Dar ikafuata Amana 2013, na sasa vipo kwenye hospitali nyingi. Lakini mwanamke wa kwenye zahanati yenye nesi mmoja na mhudumu mmoja, kituo kama hicho kiko wilayani, na nauli ya kwenda wilayani anaishika nani? Kwake yeye Mkono kwa Mkono ni yule nesi kuwa na namba za watu watatu kwenye simu, ya afisa ustawi wa jamii anayepokea kweli, ya askari wa Dawati la Jinsia anayejulikana kwa jina, na ya mama mmoja hapo kijijini anayeweza kulaza mtu usiku bila maswali. Nesi huyo naye anaishi nyumba ya watumishi mita mia kutoka kwa huyo mwanaume, kila mtu anajua amemtibu nani, akitishiwa hakuna mlinzi. Woga wake una sababu, na mkubwa wake wa kazi asipolijua hilo basi mwongozo wote ni karatasi.

Wanaume wanaopigwa wapo pia, wanakuja wamemwagiwa maji ya moto wanasema ni ajali ya jikoni, na wao wanaulizwa vile vile, peke yao, bila kuchekwa. Hilo la kuchekwa ndo gumu kwetu.

Ninachokitaka mimi hakihitaji bajeti kubwa. Tangu 2016 WHO inapendekeza mahudhurio 8 ya mjamzito. Lile la kwanza, dakika kumi za mwanzo ziwe za mama peke yake, kila mama, awe mke wa mchungaji au wa diwani, halafu ndo mwenza aitwe ndani kwa ajili ya vipimo na ushauri wa pamoja. Na anayekuja bila mwenza asirudishwe kutafuta barua kwa mtendaji, maana hiyo barua nayo inamlazimisha akaeleze mambo ya ndoa yake ofisini kwa mwanaume mwingine, mara nyingi rafiki wa mume. Najua watasema dakika kumi hazipo, foleni ni ndefu, nesi ni mmoja. Sawa, anzeni na dakika tano pale pale kwenye mzani, mlango ukiwa umefungwa.